Upinde wa mvua: lipe jua mgongo

Mvua ikikatika utaona watu wanatoka nje mbio, wanakodolea macho kule kule jua lilipo, afu wanarudi ndani eti leo hakuna upinde. Utauonaje sasa? Upinde wa mvua unakaa upande wa pili wa jua, siku zote. Lipe jua mgongo, angalia kivuli cha kichwa chako kimeangukia wapi, hapo ndo katikati ya duara la upinde, kisha pandisha macho kama nyuzi 42 kutoka hapo. Kama huko mbele bado kunanyesha na jua linayapiga matone, utauona tu.

Hiyo 42 inatoka ndani ya tone lenyewe. Mwanga ukiingia unapinda, unagonga ukuta wa nyuma, unarudi, ukitoka unapinda tena, na kila rangi inapinda kivyake, nyekundu inakujia kwenye nyuzi 42 hivi na zambarau kama 40, ndo maana nyekundu iko juu. Tone moja halikupi rangi zote kwa mpigo, la juu linakuletea nyekundu, la chini yake zambarau, na aliyesimama pembeni yako anapokea mwanga wa matone mengine kabisa, yaani upinde wake sio wako!

Jua likipanda kuzidi nyuzi 42 upinde wa angani ndo basi tena, umezama chini ya upeo wa macho, so uvizie asubuhi au jioni. Na ukiupata usiishie hapo, cheki juu yake, mara nyingi kuna wa pili hafifu wenye rangi zilizopinduliwa, na anga katikati yao ni jeusi kidogo. Mi nilikaa miaka sijaligundua hilo giza.

Juzi saa saba mchana nilichukua mpira wa maji, nikaziba mdomo kwa kidole gumba maji yatawanyike, juu hakuna kitu, kuinama hivi naukuta umelala kwenye majani karibu na miguu yangu.

Kwenye maporomoko hata mvua huhitaji. Pale Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mwezi mpevu ukiwaka na maji yakiwa mengi upinde unatokea hadi usiku, ila kwa macho unaonekana mweupe mweupe tu, rangi zake utaziona kwenye picha ukiiacha kamera wazi sekunde kadhaa.