Nguo za Mikono ya Mbali katika Nyumba ya Kupanga Nairobi

Watanzania wenzangu hunicheka ninapojiita mtu wa ughaibuni, kwa kuwa basi tu linatosha kunitoa Nairobi na kunirudisha kwetu Tanga. Hata hivyo, mtu mwenye kibali cha kazi cha kuombwa upya, na mwenye nyumba asiyetaka kuona msumari ukutani, ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Nyumba isiyo yangu niivishe nini, nikijua kwamba siku moja nitaivua na kuondoka? Jibu langu limekuwa nguo na kazi za mikono, zetu na za nchi za mbali, kwa sababu ni nyepesi, huingia sandukuni, na haziudhi ukuta.

Jambo ninalolishikilia, ambalo marafiki wanaopenda kuoanisha mito na makochi hawakubaliani nalo, ni kwamba kitambaa cha mkono kipewe mahali kwa kufuata namna kilivyotengenezwa. Rangi ifuate baadaye.

Chukua kitambaa cha gome cha Waganda, ambacho si vigumu kukipata hapa kwa kuwa Kampala si mbali. Hakifumwi kabisa. Fundi hubandua gome la ndani la mti wa mutuba wakati wa mvua, hulilainisha, kisha hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka litanuke na kuwa laini, na shina lililobanduliwa hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke na liweze kuotesha gome jipya. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwa Waganda ni nguo ya kutawazwa kwa wafalme na ya mazishi, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoikata vipandevipande ili kuwekea vikombe vya chai. Kwangu imetandazwa ukutani, mbali na bafu na jiko, nzima, pamoja na viraka vyake, kwa maana fundi akikuta tundu hulishonea kiraka palepale, na viraka hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba kitu hiki kilikuwa mti.

Ukuta ninaoupenda zaidi ni ule uliobeba kente ya Ghana na mkeka wa ukindu wa kwetu. Kente halisi hufumwa katika mtambo mwembamba unaotoa utepe wa upana wa kiganja hivi, kisha tepe nyingi huunganishwa kwa mshono mpaka iwe nguo ya kujifunga. Mkeka nao, kama nilivyowaona shangazi zangu wakiufanya, huanza kwa kusuka ukili, utepe mrefu wa ukindu uliotiwa rangi, na ukili huo ndio unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi upate upana wa kulaliwa. Waasante na Waewe upande mmoja wa bara, watu wa mwambao upande mwingine, pamba na hariri kule, majani ya mkindu huku, wamefika kwenye ufundi uleule wa kujenga upana kutokana na wembamba. Mgeni akisimama mbele ya ukuta huo huiona mishono kabla ya kuona rangi, nami sina haja ya kueleza mengi. Kente ya kuchapwa kiwandani inayouzwa kwa mita sina ugomvi nayo. Imenifaa kwa foronya za mito, ambazo watoto wa jirani huzikalia watakavyo.

Anayetaka kununua batiki kwenye Soko la Wamaasai, soko linalohamahama jijini kwa kufuata siku za wiki, huambiwa ageuze kitambaa atazame upande wa nyuma, kwamba kazi ya mkono huwa na rangi pande zote mbili. Ushauri huo ni nusu tu ya kweli. Kitenge cha nta kinachotoka kiwandani nacho huwa na rangi pande zote mbili, kwa sababu Waholanzi waliounda viwanda hivyo, wakiwemo Vlisco walioanza Helmond mwaka 1846, walikuwa wakiiga batiki ya Java, ambako nta huchorwa kwa mkono kwa kalamu yenye mdomo wa shaba. Afadhali kutazama maua mawili yanayofanana na kuyalinganisha. Mkono wa mtu hauwezi kurudia ua bila tofauti yoyote, mashine huweza.

Kabla ya kununua chochote, ningemshauri mtu aingie katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, ambapo wakazi wa Nairobi huahidiana kukutana nje na wengi wao hawajawahi kuvuka mlango. Humo umo mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, wenye nguo, vinyago na mapambo kutoka sehemu nyingi za Afrika. Jicho likishazoea kazi nzuri, halidanganyiki kwa urahisi sokoni.

Kuhusu kutundika, njia isiyodhuru ni kushonea mfuko mwembamba wa pamba nyuma ya ukingo wa juu, kisha kupitisha fimbo ndani yake, ili uzito ugawanyike. Pini na gundi hurarua nyuzi. Jua letu la karibu na ikweta, tena mjini palipoinuka hivi, hupausha rangi za asili upesi, basi adire, kitambaa cha Wayoruba wa Nigeria kilichotiwa nili, ile rangi ya buluu, iwekwe kwenye korido yenye kivuli, wala isigusane na kochi jeupe, maana nili huachia rangi. Picha ya Tingatinga haina tabu hiyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, na mng'ao huo ukikabili dirisha huoni twiga wala ndege. Yangu nimeiegemeza juu ya kabati, ubavuni mwa dirisha.

Kanga haistahili kuwemo katika makala hii, kwa kuwa huchapwa kiwandani, lakini nyumba ya mtu wa Tanga haikamiliki bila kanga. Nayo hufuata kanuni ileile: ina pindo, mji na jina, na ukiikata kwa mito umeinyamazisha, kwa hiyo hutundikwa nzima. Nimechagua yenye jina la "Mgeni njoo, mwenyeji apone", kwa sababu kanga ya mafumbo ikiwekwa mkabala na mlango, kila aingiaye atadhani ameandikiwa yeye.