Chembe moja ya mchanga, Kilindoni

Kile kipochi cha plastiki cha kuvalisha simu nilikinunua kwa machinga, shilingi 7,000, siku moja kabla ya kupanda basi la Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu. Kina kamba ya shingoni, kimeandikwa IPX8, alama ya kuzuia maji. Nikakiamini. Kivuko kilitutapisha, na chumba Kilindoni, kisiwani Mafia, kilikuwa ghali, feni haizunguki. Hayo nimeshayasamehe.

Siku ya tatu tukatoka kumtafuta papa potwe, maana Desemba ni msimu wao. Nahodha akazima injini, akanyoosha kidole. Mgongo mpana wenye madoadoa meupe, mrefu kupita boti yetu, ukipita taratibu. Nikaruka na simu kifuani. Chini ya maji skrini haikusikia kidole kabisa, nikapiga picha kwa kitufe cha sauti. Picha ya nne, naona tone ndani ya plastiki. Yakawa mawili. Simu ikazimika mkononi, na potwe bado yuko mbele yangu.

Tulipopanda botini nahodha akakichukua kipochi, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa kipochi, pale panapobanana. Chembe ya mchanga, moja tu.

"Mwanangu, ulikifungulia ufukweni?"

"Ndiyo, mzee." Tena upepo ukivuma.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba ile X maana yake kinga ya vumbi haikupimwa. Ile 8 ni ya maji tu, tena maji baridi, si ya bahari.

Simu ya nahodha mwenyewe ilikuwa ndani ya kopo la siagi ya karanga lenye kifuniko cha kuzungusha. Zamani aliifunga kwa nailoni, mpaka mifuko ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Kila asubuhi hutia karatasi ya chooni ndani ya kopo, hulizamisha ndooni, kisha hulifungua. Karatasi ikitoka kavu, ndipo simu inaingia.

Njia nzima ya kurudi nilimuwaza marehemu babu, Pangani, na redio yake aliyoivika mpira wa ndani wa baiskeli, akiukagua kila jioni kabla ya kwenda kuvua. Sisi wajukuu tuliona anajisumbua bure. Kwenye simu yangu ile kulikuwa na sauti yake, dakika mbili, akiniombea dua ya safari. Sikuwa nimeihifadhi kwingine.

Fundi ameisafisha kwa spiriti. Chumvi imeshakula tundu la chaji. Anataka shilingi 60,000 ajaribu kutoa vilivyomo, na hatoi ahadi. Kesho nampelekea.