Siku moja maishani mwangu: kuandika maneno ya daktari

Saa kumi alfajiri. Nairobi imelala, lakini New York bado ni saa tatu usiku wa jana. Madaktari wa huko wamefunga kliniki, na rekodi zao za sauti zimeshaingia nizigeuze ripoti za maandishi. Chai ya rangi, hedifoni, mguu kwenye pedali ya kurudisha sauti. Kazi inatakiwa kabla hawajafika kazini, yaani saa tisa alasiri kwa saa zetu.

Saa kumi na moja. Daktari wa kwanza anaongea huku anatafuna. Mgonjwa amepata kiharusi na sasa ana *dysphagia*, au ni *dysphasia*? Ya kwanza ni shida ya kumeza, ya pili ni shida ya lugha, na kiharusi huweza kuleta zote mbili. Narudisha mara tatu, wapi! Basi nasonga mbele: vinywaji vyake viongezwe uzito, apigwe eksirei akiwa anameza. Haya, ni ya kumeza.

Saa mbili asubuhi. *Ileum* na *ilium* hutamkwa sawasawa, ila hizi hazinisumbui. Kamera imepitishwa kwenye utumbo, kwa hiyo ni *ileum*, ile ya utumbo mwembamba. *Ilium*, mfupa wa nyonga, haumo kabisa.

Saa nne. Hapa ndipo ninapokaa sana. Dawa: *hydralazine* au *hydroxyzine*? Ya kwanza hushusha presha, ya pili hutuliza mwasho. Dozi ni miligramu 25, na vidonge vya 25 vipo kwa zote mbili. Naangalia maelezo ya mgonjwa: ana presha, na anajikuna! Programu iliyosikiliza sauti na kuandika rasimu imeshachagua ya presha, tena bila hata kuweka alama ya kuuliza. Mimi nafuta, naacha nafasi wazi, naandika dakika na sekunde ya rekodi, na swali kwa daktari. Wapo wenzangu wanaoona nafasi wazi ni aibu, eti mteja atasema hujui kazi. Aseme. Dawa ya mtu haibahatishwi.

Saa saba mchana. Wali maharage, kisha kusoma upya kila ripoti bila sauti. Namba hasa: *fifteen* na *fifty* zimewahi kunitoa jasho kuliko Kilatini chote.

Saa kumi jioni. Daktari amejibu: ni ya mwasho, anywe usiku. Ameongeza kwamba ile ya presha alishaisimamisha mwezi uliopita. Najaza, natuma, nazima kompyuta.