Siku moja maishani mwangu: kuwinda kwikwi ya piapia

Saa 11 alfajiri. Monteverde, Costa Rica. Ni Aprili na upepo unachapa mabati tangu usiku. Nimetoka Morogoro kuja kusaidia utafiti wa ndege aitwaye piapia kwa msimu mmoja, na sweta langu halitoshi.

Saa 12. Sijafika hata kwenye malisho, wameshaniona. “Pyaa! Pyaa! Pyaa!” Wenyeji wakamwita piapia. Ni ukoo mmoja na kunguru, na kelele zenyewe ni za kiukoo. Binamu zake wengi wa huku ni wa buluu. Yeye kahawia, na watalii humpita bila kuinua darubini. Lakini ile buluu si rangi, ni mwanga unavyocheza ndani ya unyoya. Usage huo unyoya, buluu inapotea.

Saa 1 na nusu. Kundi limetua kwenye mti wa jamii ya mkuyu. Saba. Kichwa karibu cheusi, tumbo jeupe, ncha za mkia nyeupe. Kuwatofautisha naangalia midomo. Kinda huanza na mdomo wa njano, duara la njano machoni, hata miguu ya njano. Weusi huingia kidogo kidogo, kwa miaka, kila mmoja na madoa yake. Daftari langu limejaa michoro ya midomo: Doa-Wino, Nusu-Nusu, Bibi Mweusi.

Saa 4. Chai na gallo pinto, yaani wali na maharage meusi. Nyumbani kabisa.

Mchana ukungu. Sikuandika kitu.

Saa 9 na nusu, kiotani. Wanaolisha makinda ni wanne, si wazazi peke yao. Doa-Wino akatua mita tano kutoka kwangu, akafungua mdomo, na pamoja na ukelele nikasikia “tk!” Kama mtu mwenye kwikwi. Kifuani, penye mfupa wa kidari, ana kifuko cha hewa. Ndicho kinachotoa huo mlio. Ukiwa mbali, unaambulia makelele tu. Nilikuwa nimeingoja wiki tatu.

Saa 1 usiku. Nikamsikilizisha ile “tk!” niliyoirekodi mama mwenye nyumba, aliyezaliwa katikati ya ndege hawa.

“Hiyo si piapia, mwanangu. Ni kidole chako kimegusa mashine.”

Nikairudisha mwanzo. Akavuta kiti.