Kabla ya kumpa mtoto kalamu

Kila Septemba walimu wa chekechea hapa Bukavu huniuliza kwa nini simpi mtoto kalamu mara tu anapoketi mbele yangu nimpime jinsi anavyotumia mikono. Sababu ni kwamba kalamu hupima ustadi wa vidole, lakini pia hupima kama nyumbani kwao kalamu ipo. Mtoto mmoja wa Kadutu, mwenye umri wa miaka 4, aliishika kwa ngumi akachora mistari isiyoeleweka, hata mama yake akaanza kuniomba radhi. Nikamwekea sahani ya maharagwe yasiyochambuliwa. Akayachambua kwa utulivu, akiokota kila kijiwe kwa ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, huku mkono wa kushoto ukiishikilia sahani isiteleze. Nikamwambia mama kwamba mikono ya binti yake ni mizima, na kwamba kilichopungua ni mazoea ya kalamu tu.

Kuokota kitu kidogo namna hiyo hujitokeza kwa kawaida kati ya miezi 9 na 12. Kufikia miaka 3 watoto wengi huweza kuiga duara, na karibu na miaka 4 huiga msalaba. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri wake kwa kuondoa majuma aliyopungukiwa, hadi atimize miaka 2. Kipimo cha Denver cha kuchunguza ukuaji wa watoto wadogo, kilichotolewa Marekani mwaka 1967, kimesaidia wengi, ila mimi huvutiwa zaidi na kile cha Malawi kilichochapishwa mwaka 2010, kwa kuwa kiliandaliwa kwa ajili ya watoto wa vijijini Afrika.

Naomba walimu wasiandike tu "ameweza" au "hajaweza", bali waeleze mkono ulivyofanya kazi: kama ulitetemeka, kama kidole gumba kilibaki kimekunjwa ndani ya kiganja, kama mkono wa pili ulisaidia. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kwa watoto wachanga. Wazazi hufurahi wakiona mtoto wa miezi 8 amekwisha kuchagua mkono wa kulia, kumbe katika umri huo mtoto hutarajiwa kutumia yote miwili, na anayeupuuza mmoja huenda ana udhaifu upande huo. Mtoto wa namna hiyo simpi muda wa kungoja. Humwandikia mzazi barua ya kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo.