Nilirudi Majengo nikaomba kahawa

Wiki ya tatu hii tangu nirudi Mombasa baada ya miaka 16 London, na kilichonivunja moyo si joto wala foleni ya feri ya Likoni. Ni kahawa. Siku ya pili, baada ya alasiri, nilitoka kwa mamangu nikaenda moja kwa moja hadi baraza letu la Majengo. Wa rika langu mnalijua: mzee na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe tangu mbali, kahawa chungu, kashata, na sisi tukibishana mpira mpaka adhana ya magharibi itutawanye. Miraa ilikuwako, sikatai, na mimi nilikuwa mlaji. Lakini iliandamana na maneno. Mtu akishika handasi, yaani stimu ya miraa, hadithi ndiyo inakolea.

Mzee ameshafariki, Mungu amrehemu. Pale pale alipokuwa akikaa yuko mwanawe, na mbele yake, chini ya gunia lililoloweshwa maji, kuna mogoka, ile miraa ya majani. Nikamwomba kahawa. Akanijibu kwa upole kabisa: "Ami, kahawa siku hizi haina mnunuzi." Akaja mvulana wa sare ya shule, akatoa sarafu, akapewa kifuko na chingamu mbili za bazuka. Hakuna aliyegeuza shingo.

Nikaketi na wenzangu. Tulikuwa sita, na ndiyo saa moja ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa pale. Kila mmoja kifuko mapajani, vidole vinachambua majani, macho kwenye simu. Rafiki yangu mmoja, ambaye zamani alikuwa akianza kusimulia watu wanasahau kwenda kula, hakusema zaidi ya maneno kumi. Tonge limejaa shavuni, meno yamekuwa rangi ya chai ya rangi, na mdomo wake ulipofunguka ni ili kuniambia: "Yakhe, shika." Nilipokataa akaniangalia kama nimemtukana mamake. Mwengine akasema Ulaya imenitia kiburi.

Si kiburi. London nako nilikula, tena sana, kwenye mafrishi, baraza za miraa za Wasomali, kila gomba, ndiyo miraa yenyewe, lilipofika na ndege likiwa bado bichi ndani ya majani ya mgomba. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ikaiharamisha. Baadaye majani yakawa yanauzwa makavu kwa siri, na nguvu ya jani hilo hupotea likishakauka, ndiyo maana magari ya miraa kutoka Meru hukimbizwa vile barabarani. Nilitafuna makavu hayo karibu mwaka mzima, kwa sababu sikujua nikakae wapi jioni. Jani niliweza kuliacha. Kiti ndicho kilinishinda.

Huku pia walijaribu. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga mogoka marufuku Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na siku chache tu baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri. Ni zao halali, na mkulima wa Embu ana watoto wa kusomesha. Nalielewa hilo. Ila yule mvulana wa sare pia ni mtoto wa mtu.

Basi nimenunua dele. La shaba, la mitumba, lina kovu ubavuni. Kila jioni naweka jiko nje ya mlango wa mamangu, kahawa na tangawizi, na simwiti mtu. Siku nne nilikunywa peke yangu. Ya tano alikuja yule rafiki yangu msimulizi, akatema tonge mtaroni, akasukutua, akanywa vikombe viwili. Kifuko kilikuwa mfukoni, nakiona kimetuna. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ulipoacha, ulilala?"

Nikamweleza kama nilivyopitia. Siku za mwanzo utalala kama mgonjwa, na ndoto mbaya, na hasira za bure kwa mke na watoto. Waambie mapema ili wasidhani umerogwa. Kati ya alasiri na isha usipite kwenye kona yenu, hata kama ndiyo njia ya mkato. Shavu litataka kazi, basi lipe ubani au mbata. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, usiwatangazie wote, maana watakuletea cha bure siku hiyo hiyo. Mimi walinifanyia hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilikula.

Akanyamaza kitambo, akizungusha kikombe mkononi. Kisha akauliza kazini atasema nini, akilala usingizi wote huo. Nikamwambia aombe likizo ya wiki moja. Akasema ataomba mwisho wa mwezi, akanyoosha kikombe nimtilie cha tatu.