"Petty" si kila kilicho kidogo

Ofisi nyingi za Kirumba, Mwanza, na hata vibanda vya mawakala wa dagaa pale Mwaloni, zina daftari lililoandikwa "petty cash". Wengine huandika "pretty cash", yaani pesa nzuri, na mkaguzi hucheka kwanza kabla ya kulipigia mstari.

Neno "petty" la Kiingereza limetoka kwenye "petit" ya Kifaransa, maana yake -dogo. Ndilo hilo hilo lililomo ndani ya petikoti. Kwenye fedha, sheria na vyeo, limebaki kipimo tu. Petty cash ni fungu la matumizi madogo lenye kiwango kilichopangwa. Kikiwa 200,000, basi vocha ukijumlisha na taslimu iliyobaki lazima zitoe 200,000 saa yoyote. Vocha zikifika 135,000 unajaziwa 135,000, si zaidi. Hesabu isipokaa, anza kumtafuta aliyechukua nauli ya bodaboda bila kuandika vocha. "Petty trader" ni machinga, "petty offence" ni kosa dogo, na "petty officer" wa jeshi la majini ana cheo chake na anasimamia nidhamu ya walio chini yake; usimwonee huruma.

Balaa huanza neno likimwendea mtu au shida yake. "He is petty" haina habari na umbo wala cheo. Ni mtu wa vijimambo: anaweka hesabu ya nani hakumsalimia, anadai shilingi mia mbili ya juzi mbele za watu. Kwetu kazi hiyo hufanywa na viji-: senti ni senti, vijisenti ni kejeli.

Mhudumu wa hoteli anayemjibu mgeni aliyekosa maji ya moto, asiandike "your petty complaint". Kichwani mwake ni "tatizo lako dogo". Mgeni anasoma "malalamiko yako ya kipuuzi", na hapo hata punguzo la bei halimtulizi. Kwa hitilafu au jeraha tumia "minor": "a minor fault", "a minor injury". Ila lalamiko la mtu usilipime hata kwa "minor". Andika "your complaint", basi.

Sarufi nayo inasaidia. Kama kipimo, "petty" hutangulia nomino. "The cash is petty" haisemwi. Ukiikuta baada ya "is" au "being", jua kuna mtu anasemwa.